Maneno ya Maadili Yanapovuka kutoka Kiingereza kwenda Kihispania

Katika parokia nyingi za Marekani, Misa Takatifu huadhimishwa kwa Kiingereza na kwa Kihispania, na waamini wa lugha hizo mbili hukutana katika katekesi na katika Sakramenti ya Kitubio. Kanuni ya 990 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaruhusu muumini kuungama kwa njia ya mkalimani, mradi matumizi mabaya na makwazo yaepukwe. Kanuni ya 983 inamfunga mkalimani huyo kutunza siri. Kazi yake ni nzito, kwa maana neno moja likipotoka, dhamiri ya mtu yaweza kubebeshwa mzigo usio wake. Katika makala hii tunaangalia maneno manne yanayohitaji uangalifu.

La kwanza ni "compromise". Kwa Kiingereza ni maridhiano, na katika mambo ya imani mara nyingi humaanisha kulegeza ukweli ili kukwepa mvutano. Neno la Kihispania linalofanana nalo, "compromiso", kwa kawaida ni ahadi au wajibu ambao mtu amejifunga nao. Mhubiri akiwaonya waamini wasilegeze imani yao, mfasiri anayefuata sura ya neno aweza kuwafanya wasikie kwamba wanaonywa wasijifunge kwa imani hiyo. Onyo limegeuka kinyume chake.

La pili ni "conscience", yaani dhamiri. Kiingereza kina neno jingine, "consciousness", kwa hali ya kuwa na fahamu. Kihispania hutumia "conciencia" kwa yote mawili, hata anayesema amepoteza "conciencia" kwa kawaida anasema kwamba alizirai. Katekisimu ya Kanisa Katoliki kwa Kihispania, inapofundisha juu ya dhamiri kuanzia namba 1776, hutumia pia neno la kufafanua na kusema "conciencia moral". Mfasiri makini hufanya vivyo hivyo.

La tatu ni "scandal". Katika magazeti ya Kiingereza ni kashfa ya wakubwa. Na "escándalo" ya Kihispania yaweza kuwa kashfa, au hata kelele na vurugu mtaani. Lakini Katekisimu, namba 2284, inazungumzia mwenendo unaomwongoza mwingine kutenda uovu. Hapa Kiswahili kimetusaidia, kwa kuwa neno letu "makwazo" linatuonyesha mtu anayejikwaa njiani. Tendo laweza kuwa kwazo hata lisipojulikana na umma. Inatosha kwamba mtoto mmoja ameliona na kuliiga.

La nne, na pengine zito kuliko yote, ni "guilt". Kiingereza hulitumia kwa hatia yenyewe na pia kwa uchungu wa kujilaumu, na hutumia "fault" kwa kusema ni nani aliyesababisha jambo. Kihispania chaweza kuyaeleza yote hayo kwa neno "culpa". Tumfikirie mama aliyefiwa na mtoto kwa ugonjwa. Anasema kwa Kiingereza kwamba anahisi "guilt". Mkalimani akisema "tiene la culpa", amemtangaza mama huyo kuwa ndiye aliyesababisha kifo. Mama ameeleza huzuni, naye padre amesikia kosa. Tukumbuke kwamba dhambi ya mauti, kadiri ya namba 1857, hudai mambo matatu kwa pamoja: jambo zito, ujuzi kamili na ridhaa ya hiari. Uchungu wa moyo peke yake si dhambi.

Basi, mfasiri wa maneno ya maadili asitosheke na neno linalofanana kwa sura. Ajiulize: ni tendo gani linalosemwa? Je, mtu alilijua na kulitaka, au lilimpata tu? Anayezungumza anakiri kosa, au anaeleza maumivu? Asipokuwa na hakika, aulize tena kwa upole kabla ya kutafsiri.

Shauri hili linatuhusu hata sisi tunaotafsiri kati ya lugha zetu za nyumbani na Kiswahili, tukiwasaidia wazee wetu kuungama. Tunaposimama kati ya muumini na padre, tunabeba maneno ya mtu anayetafuta huruma ya Mungu. Tuyafikishe yakiwa kamili, bila kuongeza wala kupunguza.