Wakazi 795 na dampo la Kunduchi Mtongani

Ukitoka Mwenge kuelekea Bagamoyo, kabla hujafika Tegeta utapita Mtongani. Konda anaita, watu wanashuka, gari linaondoka. Wachache wanajua kwamba kituo hicho kina kesi yake kwenye historia ya sheria ya mazingira nchini.

Mambo yalianzia Tabata. Mwaka 1988 wakazi wa huko, Joseph Kessy na wenzake, waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa sababu ya dampo lililowajazia moshi na harufu majumbani. Walishinda. Jiji likarudi mahakamani kuomba muda zaidi, likarudi tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa: kumnyima mtu mazingira salama, alisema, ni kuingilia haki yake ya kuishi, iliyo kwenye ibara ya 14 ya Katiba.

Basi malori yakageuza njia, yakaelekea Kunduchi Mtongani, kwenye machimbo ya zamani. Shimo si lipo tayari? Hapana, ndugu msomaji. Ukichimba mawe unaondoa kwanza udongo wa juu, ule ambao ungesaidia kuchuja maji machafu. Mvua ikinyesha juu ya taka, maji yanashuka na kila kinachoyeyuka: masalia ya betri, mafuta, dawa za wadudu. Na taka zikiwaka, plastiki zenye klorini hutoa dioksini, sumu inayokaa kwenye mafuta ya mwili kwa miaka. Tena eneo lenyewe kwenye ramani ya mipango miji lilikuwa la makazi!

Wakazi wakaenda Mahakama Kuu mwaka huohuo wa 1991: Festo Balegele na wenzake 794. Hapa ndipo penye utamu wa kisheria. Njia ya zamani ilikuwa kulalamikia kero, yaani jirani ananisumbua, mahakama ipime usumbufu huo. Lakini haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na ilipofika Machi 1988 ndipo mwananchi akaruhusiwa kuzidai mahakamani. Kwa hiyo watu wa Mtongani hawakuja na habari ya pua kuumia tu. Walikuja na ibara ya 14, kwamba dampo linahatarisha uhai wao. Jaji Rubama akakubaliana nao, akatoa amri tatu: uamuzi wa kumwaga taka pale ukatenguliwa, Jiji likazuiwa kuendelea, na likatakiwa kuandaa dampo mahali panapofaa, pasipodhuru afya za watu.

Kumbuka, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ilikuwa bado miaka 13 mbele. Leo kifungu cha 4 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na taka hatarishi zina masharti yake. Wale 795 walifika hapo kabla ya sheria hiyo.

Kwa maoni yangu amri ya tatu ndiyo iliyokuwa nzito, na ndiyo iliyosumbua zaidi. Kuzuia lori ni rahisi. Kujenga dampo lenye sakafu isiyopitisha maji kunataka fedha. Taka za jiji zikahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi.