Namba ya Kwenye Lebo Isikulize: Stori ya Saizi za Nguo za Kitambo

Mei 2022, New York. Staa mmoja wa kike mwenye wafuasi kibao Instagram anapanda ngazi za jumba la makumbusho akiwa ndani ya gauni ambalo karibu dunia nzima inalijua. Gauni lile lilishonwa mwaka 1962 kwa ajili ya mwigizaji mwingine kabisa, mrembo wa Hollywood, alilivaa usiku ule aliomwimbia rais wa Marekani wimbo wa hepi besdei. Mwaka 2016 likauzwa mnadani kwa dola milioni 4.8. Pesa ndefu!

Sasa unaambiwa, staa huyu alipolijaribu mara ya kwanza, halikupanda. Na kwa kuwa ni mali ya kuhifadhiwa, hakuna fundi aliyeruhusiwa kuligusa na sindano. Mwenyewe alisema alipunguza karibu kilo 7 ndani ya wiki tatu. Pamoja na mateso yote hayo, siku yenyewe mgongoni halikufunga. Ikabidi ajifunike manyoya meupe kwa nyuma, apande ngazi, apigwe picha, halafu fasta akabadilishe avae kopi.

Kama mwenye hela na mafundi wa kila aina limemkuta hilo, mdada wa Sinza anayeagiza gauni la kitambo kwa simu atapona?

Mambo huwa hivi. Anaona gauni kali la miaka ya 60, lebo inasema 12. Na yeye huvaa 12. Analipia, bodaboda analeta, anavaa... gauni linagomea kwenye hips. Muuzaji kashaandika kwamba mzigo ukiuzwa haurudi. Hela ikishaenda imeenda, lakini kinachouma zaidi ni kile kinachofuata: anajiangalia kwenye kioo na kuamua kwamba amenenepa. Kesho yake anaanza kujinyima kula. Kumbe mwili hauna kosa lolote. Tatizo ni ile namba, na ile namba ina historia yake.

Zamani nguo hazikuwa na saizi. Ulienda kwa fundi, anakuzungushia futi kifuani, kiunoni na kwenye hips, anaandika kwenye daftari, basi. Nguo ilifuata mwili. Kwa wanaume mambo yalianza kubadilika Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865. Jeshi lilihitaji sare nyingi haraka, wanajeshi wakapimwa, ikaonekana vipimo fulani vinajirudia. Hapo ndipo saizi za kiwandani zikashika kasi.

Wanawake walichelewa. Maduka ya Marekani yaliyouza nguo kwa katalogi, yaani unachagua kwenye kitabu na kutumiwa kwa posta, yalikuwa yanarudishiwa mizigo kila siku kwa sababu haiwatoshi watu. Ndiyo yale yale ya leo, tofauti ni kwamba hakukuwa na simu. Mwaka 1939 na 1940 wizara ya kilimo ya nchi hiyo (ndiyo, kilimo!) ikafanya kazi ya kupima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59 vya mwili.

Lakini cheki hapa. Wanawake wasio Wazungu hawakuhesabiwa. Hata pale walipopimwa, vipimo vyao viliwekwa kando. Kwa hiyo ile meza ya namba iliyokuja kutumika kutengeneza magauni ilichorwa bila mwili wa mwanamke mweusi ndani yake. Halafu leo binti wa Kiafrika mwenye hips zake na kiuno chake anajilaumu kwa nini gauni la enzi hizo linamkataa. Lingemkubali vipi wakati waliolipangia namba hawakumfikiria kabisa?

Mwaka 1958 serikali ya Marekani ikatoa kiwango rasmi cha saizi za wanawake kutokana na kazi ile. Saizi 8 ya wakati huo ilikuwa kifua inchi 31 na kiuno inchi 23.5. Leo kiuno cha saizi 8 kwenye maduka mengi ya Marekani kinacheza kwenye inchi 28 mpaka 30. Namba ni ile ile, nguo ni mbili tofauti kabisa.

Ilikuwaje? Kiwango kile kililegezwa mwaka 1970, kikabaki cha hiari, na 1983 kikafutwa kabisa. Kila kampuni ikawa na uhuru wake. Na wafanyabiashara walishang'amua siri moja: mteja akiambiwa ni saizi 8 badala ya 14, anatabasamu na ananunua. Basi nguo zikawa zinaongezwa upana huku namba zikishushwa. Ndiyo maana utasikia watu mtandaoni wakibishana kwamba yule mrembo wa 1962 alikuwa saizi 16, wakati nguo zake zilizouzwa minadani zinaonyesha kiuno cha karibu inchi 22 au 23.

Kuna na mengine. Magauni ya miaka ya 50 yalikatwa kwa mwanamke aliyevaa mkanda wa kubana tumbo kwa ndani. Hayavutiki pia, kwa sababu ule uzi wa kuvutika uliomo kwenye jinzi za siku hizi ulivumbuliwa mwaka 1958 na ulichukua muda kuenea. Na zile Levi's 501 za zamani ambazo masela wanazigombania, nyingi zilikuwa zinasinyaa zikifuliwa. Lebo inasema kiuno 34, ukipima unakuta pungufu.

Nguo hizo hizo ndizo zinazofika kwetu ndani ya marobota ya mitumba, zinachambuliwa Karume au Gikomba, kisha zinapigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Na robota moja linaweza kuwa na za Marekani, Uingereza na Ulaya zimechanganyika: 12 ya Uingereza inakaribiana na 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya. Ukifuata namba tu umeumia.

Dawa ni kurudi kwa fundi wa zamani, yaani kwenye futi. Chukua nguo yako inayokukaa vizuri, itandaze kitandani, pima kwapa hadi kwapa, kiuno, hips na urefu. Kwapa hadi kwapa, kiuno na hips zidisha mara mbili. Mwambie muuzaji apime hivyo hivyo na atume picha futi ikiwa juu ya nguo. Kama kitambaa hakivutiki, nguo iuzidi mwili wako kwa inchi mbili hivi, maana utakaa na utakula. Omba pia picha ya mshono kwa ndani: magauni mengi ya kitambo yaliachiwa kitambaa cha ziada, fundi anaweza kukifungua. Ukibaki njia panda, beba kubwa. Kupunguza ni rahisi, kuongeza pasipo na kitambaa ni miujiza.

Na muuzaji akigoma kupima, achana naye. Hela ni yako.

Bibi zetu walipoenda kwa fundi na kanga mkononi, hakuna aliyewauliza wao ni saizi ngapi. Fundi alipima, akakata, akashona. Nguo isipokaa, aliyerudi cherehani alikuwa fundi.

Vipi, ishakukuta ya gauni kugomea kwenye hips? Tiririka hapo chini kwenye komenti.