"Nia ya Pamoja" na "Kuua kwa Kukusudia": Maneno Mawili ya Mahakamani katika Nchi ya Buha

Mzee wa Heru, Kasulu, au wa Muhambwe, Kibondo, aliyezaliwa wakati wa Wajerumani, aliona sheria za jinai zikibadilika bila yeye kuhama kijiji. Toka 1916 hadi 1921 nchi yake ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji. Kisha wakaja Waingereza na Kanuni ya Adhabu ya India. Na mwaka 1930 hiyo nayo ikaondolewa, ikawekwa kanuni ambayo asili yake ni Queensland, Australia, iliyotungwa na Samuel Griffith na kupitishwa mwaka 1899. Hiyo ndiyo, pamoja na marekebisho mengi, Sura ya 16 ya sheria zetu za leo.

Katika kanuni hiyo twapenda kutazama kifungu cha 23. Chasema kwamba watu wawili au zaidi wakiwa na nia ya pamoja ya kutimiza jambo lisilo halali, na katika kulitimiza likatendeka kosa ambalo ni tokeo la kutazamiwa la jambo hilo, kila mmoja wao huhesabiwa kuwa amelitenda. Kifungu cha 200 nacho chaongeza kuwa nia ya kutenda kosa lolote ambalo adhabu yake yazidi kifungo cha miaka 3 yatosha kuwa dhamira ovu ya mwenye kuua.

Tuchukue mfano. Ilikuwako miaka ambayo mabasi ya njia ya Kibondo na Nyakanazi yalisindikizwa na polisi wenye bunduki kwa hofu ya majambazi. Tuseme kijana mmoja alikubali kuburuta gogo barabarani ili basi lisimame. Mwenzake akafyatua risasi, abiria akafa. Kijana hakushika bunduki wala hakutaka mtu afe. Jina la kosa atakalosomewa kwa Kiswahili ni "kuua kwa kukusudia", na adhabu yake, kwa kifungu cha 197, ni kunyongwa, basi. Atajibu kwamba hakukusudia, na kwa Kiswahili atakuwa amesema kweli tupu. Jaji naye aweza kumtia hatiani bila kumwita mwongo.

Mgongano huu ulifichwa na lugha kwa miaka mingi. Mahakama ya Mwanzo hutumia Kiswahili, lakini haina mamlaka juu ya kesi za mauaji. Hizo ni za Mahakama Kuu, ambako kumbukumbu ziliandikwa kwa Kiingereza. Maneno ya shahidi asiyejua ila Kiha yalikuwa na safari ndefu zaidi. Sheria Na. 1 ya 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, pazia liliondoka.

Wako wanaopendekeza jina la kosa libadilishwe, neno "kukusudia" liondolewe. Sisi hatukubali. Neno halina kosa. Linasema lile ambalo watu wote hudhani sheria inasema. Waingereza wenyewe waliifuta kanuni ya dhamira ya kudhaniwa mwaka 1957, na mwaka 2016 Mahakama ya Juu yao ikaamua kwamba kuona mbele kuwa mwenzako huenda akaua ni ushahidi tu wa nia, si nia yenyewe. Sisi tungali na kifungu cha 200 kama tulivyokirithi. Ni kweli kwamba hapa hajanyongwa mtu tangu 1994, na kwamba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ililaumu, Novemba 2019, adhabu ya kifo isiyompa jaji nafasi ya kuchagua. Lakini hukumu husomwa vile vile.

Kuhusu kifungu cha 23, tahadhari moja. Wengine hutafsiri "tokeo la yumkini". Katika mazungumzo "yumkini" ni jambo liwezalo kuwa, hata kwa nadra, na kwa kipimo hicho karibu kila wizi una kifo ndani yake. Sheria yataka zaidi ya hapo, ndiyo maana tumeandika "la kutazamiwa". Na mkalimani afikapo kwenye "nia ya pamoja" asiishie hapo. Amwambie mshitakiwa ni nia ya kufanya nini.