Gombo Lililonusurika Motoni

Katika mkoa wa Zhejiang, nchini China, upo mto uitwao Fuchun. Ndiko alikokaa uzeeni Huang Gongwang, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1269. Zamani alikuwa karani katika serikali ya Wamongoli waliotawala China wakati huo. Kesi ya mkubwa wake ikamponza, akatupwa jela. Alipotoka akaachana na mambo ya vyeo, akaingia dini ya Kitao, akawa mtu wa milima na mito.

Mwaka 1347, akikaribia miaka 80, alianza kumchorea Mtao mwenzake, Wuyong, picha ya mto ule. Hakutumia rangi, ni wino mweusi tu juu ya karatasi. Picha yenyewe ni gombo: kimo hakifiki sentimeta 35, lakini urefu unazidi mita 6. Gombo la namna hii halitundikwi ukutani. Unalikunjua kidogo kidogo kutoka kulia kwenda kushoto, huku unakunja ulikotoka, kama msafiri ndani ya mtumbwi. Mara vilima, mara misonobari, mara vibanda, mara mvuvi peke yake. Kisha maji matupu, mahali ambapo mzee hakugusa karatasi kabisa.

Wala hakuwa na haraka. Akipata nafasi analitoa, anaongeza, analirudisha. Miaka 3 ikapita. Wuyong akaingiwa na hofu: je, mjanja akilinyakua? Akaomba mzee aandike kabisa kwamba ni lake, hata kabla halijakwisha. Mali bila daftari hupotea bila habari, bwana!

Lakini daftari halikufaa kitu. Gombo lilipita mikono mingi. Mchoraji Shen Zhou alikuwa nalo, likampotea. Mwaka 1487 akalichora upya kwa kukumbuka tu. Mwaka 1650 tajiri Wu Hongyu, akiwa kufani, akaamuru lichomwe ili aende nalo ahera. Likatiwa motoni kweli! Mtoto wa ndugu yake akalichomoa, akatupia jingine mahali pake. Likapona, ila lilikwisha katika vipande viwili.

Basi kikafuata kichekesho. Mwaka 1745 mfalme Qianlong aliletewa nakala ya bandia. Akaipenda mno, akaijaza maandishi yake hadi mbinguni pakakosa nafasi. Mwaka uliofuata likaja lenyewe. Mfalme akasema eti hili ndilo la bandia! Nani ambishie mfalme? Kumbe kosa lake lilikuwa salama ya gombo: maji ya mzee Huang yakabaki matupu.

Leo kipande kifupi kiko Hangzhou, kirefu kiko Taipei, kisiwani Taiwan, kilikopelekwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2011 vilikutanishwa huko Taipei katika maonyesho, kisha vikaachana tena.

Wuyong aliogopa wezi. Hakujua kwamba watakaolitia gombo hatarini ni wale walipendao kupita kiasi, mmoja kwa moto, mwingine kwa wino. Na aliyeliokoa hakuwa mwenye mali. Alikuwa mtu aliyekuwepo tu, akaona haya kuliacha liungue.