Aliyeumwa na Nyoka

Januari mwaka 2025 wakuu wa dawa wa Marekani waliidhinisha kidonge kipya cha maumivu, suzetrijini, kilichotengenezwa na kampuni ya Vertex. Kidonge hicho hakiendi kuulewesha ubongo kama zifanyavyo dawa zitokanazo na afyuni. Huzuia habari za maumivu zikiwa bado kwenye mishipa ya fahamu, kabla hazijafika kichwani. Ndiyo maana inatarajiwa kwamba hakitamgeuza mgonjwa kuwa teja.

Ni habari njema. Hata hivyo, ahadi ya namna hii si mara ya kwanza kutolewa.

Mwanzoni mwa karne ya 19 mfamasia wa Kijerumani, Friedrich Sertürner, aliitoa morfini ndani ya afyuni. Maumivu yakapata dawa, lakini wengi walioitumia ovyo wakanasa. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer, ya huko huko Ujerumani, ikaanza kuuza dawa ya kikohozi iliyosifiwa kuwa haina balaa la morfini. Jina lake heroini. Ndiyo hiyo hiyo ambayo vijiweni huitwa unga. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue ya Marekani ikaleta OxyContin, na wauzaji wake wakawaambia madaktari kwamba hatari ya kunasa ni ndogo. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilikiri kosa mahakamani, lakini misiba ilikwishaingia majumbani mwa watu.

Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Baada ya heroini, dunia ikaiogopa hata morfini ya mgonjwa anayekaribia kufa. Walioilipia hofu hiyo ni maskini. Hapa Kwa Mrombo nimekaa na jamaa za mzee mwenye saratani ya koo, usiku kucha, dawa pekee iliyokuwamo nyumbani ikiwa panadoli ya dukani. Mzee analia, watoto wanatoka nje wasimsikie.

Yupo daktari aliyekataa hali hiyo. Anne Merriman, mzaliwa wa Uingereza, alifanya kazi Nairobi kuanzia mwaka 1990, kisha mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Hakuvumbua dawa mpya. Alichukua unga wa morfini halali, ukachanganywa na maji na kihifadhi, ukatiwa rangi ili nguvu zake zisichanganywe, ukawekwa katika chupa ambayo mgonjwa hunywa nyumbani kwake. Ni dawa rahisi ambayo maskini anaweza kuipata. Na kwa kuwa madaktari ni wachache, mwaka 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuandika morfini. Ulinzi ukabaki: dawa huandikwa na aliyefunzwa, na huhesabiwa. Mama huyo alifariki mwaka 2025, akiwa ameonyesha kwamba dawa ya kuogopwa inaweza kulindwa na bado ikamfikia mgonjwa.

Nasi hatukuachwa nyuma kabisa. Hospitali ya Selian hapa Arusha imekuwa na huduma ya kuwafuata wagonjwa wa namna hii majumbani.

Sasa turudi kwenye kidonge kipya. Kimeidhinishwa kwa maumivu ya muda mfupi, kama yale ya baada ya upasuaji, wala si kwa saratani ya miezi na miezi. Bei iliyotangazwa Marekani mwaka 2025 ilikuwa dola 15 na nusu kwa kidonge kimoja. Kije, na kipimwe kwa miaka, siyo kwa matangazo. Lakini mgonjwa wa Kwa Mrombo asiambiwe akisubiri. Serikali inayopambana kuzuia unga usiingie vijiweni ina wajibu huo huo wa kuhakikisha chupa ya morfini inafika kitandani kwa anayeumia. Kuumia bila dawa hakujapata kumkinga mtu yeyote na uteja.