Bomba Lisilo na Mwenyewe

Mto Pangani unapita Korogwe ukielekea baharini, na mji wa Handeni unabaki mbali nao. Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65 za barabara, na Misima ni mojawapo ya kata za njia hiyo. Kwa vizazi vingi watu wa Uzigua waliishi kwa mvua, visima vya kuchimba kwa mkono na malambo. Mvua ikichelewa, mwanamke huamka usiku akafuate maji, na ndoo inayorudi nyumbani ina maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Katika miaka ya 1970 serikali iliamua kwamba kama mto hauji Handeni, maji yake yataletwa. Ndipo ulipozaliwa mradi ambao wenyeji hadi leo wanauita HTM, yaani bomba kuu la Handeni, uliojengwa kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Maji huvutwa mtoni katika kijiji cha Tabora, Korogwe (si Tabora ile ya magharibi), husukumwa kwa pampu hadi kwenye matenki ya juu, kisha hushuka yenyewe kuelekea vijijini. Huo ulikuwa wakati wa ahadi kubwa. Mwaka 1971 taifa lilijiwekea mpango wa miaka 20: ifikapo 1991, kila mwanakijiji apate maji safi yasiyozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Na maji hayo yangekuwa ya bure.

Miaka ileile bomba lilipokuwa likifukiwa ardhini, kuna jambo lingine lilikuwa likitendeka maofisini, na bila kulijua hilo huwezi kuielewa historia ya bomba.

Mwaka 1972 serikali ilianzisha Madaraka Mikoani. Ushauri ulitoka kwa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, na lengo lilikuwa zuri: maamuzi yasogezwe karibu na wananchi. Lakini njia iliyotumika ilikuwa kuzivunja halmashauri za wilaya, na baada yake zile za miji. Mahali pa diwani aliyechaguliwa pakakaliwa na maofisa waliotumwa kutoka wizarani. Wahandisi waliokuwa wakihudumia halmashauri wakajikuta watumishi wa mkoa na wilaya, wakisubiri fedha na maagizo kutoka juu.

Kazi ya mhandisi wa halmashauri haina sifa. Hakuna anayeimba ngoma kwa sababu mtaro umezibuliwa. Kazi yake ni kufyeka majani yaliyofunika kalavati kabla ya vuli, kubadilisha valvu inayovuja, kujua ni nyundo ngapi zimebaki stoo. Ikifanyika vizuri haionekani. Ndiyo maana ofisi hiyo ikivunjwa, kwa miezi ya mwanzo hakuna anayeshtuka. Mitaro huziba polepole. Mabomba ya majitaka hayapasuki yote siku moja.

Kilichoshtua kilikuwa ugonjwa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 miji ilikuwa imechafuka, takataka hazizolewi, na kipindupindu kikaingia. Mwaka 1978 Bunge likapitisha sheria ya kurudisha halmashauri za miji. Vijijini zilisubiri zaidi: sheria zikatungwa mwaka 1982, na halmashauri za wilaya zikaanza tena kazi mwaka 1984.

Jambo hili halikuanzia kwetu. London ya katikati ya karne ya 19 iliupuuza uchafu wa mto Thames, ingawa kipindupindu kilikwisha kuua maelfu. Kiangazi cha mwaka 1858 harufu ya mto ikapenya hadi ndani ya Bunge. Wabunge, wameziba pua, wakampa mhandisi Joseph Bazalgette fedha na madaraka ya kujenga mfereji mkuu wa majitaka wa jiji. Mhandisi wa jiji, huko na huku, hukumbukwa hali ikishaharibika.

Turudi kwenye bomba. Kulijenga kuna tarehe, mgeni rasmi na utepe. Kulitunza hakuna tarehe. Pampu ya Tabora inahitaji umeme kila siku, na umeme una ankara kila mwezi. Si ajabu ndogo kwamba mto huohuo, kwenye maporomoko ya Hale, umekuwa ukizalisha umeme tangu 1964. Maji yanazalisha nguvu, kisha nguvu inauzwa kwa wanaotaka kuyapandisha maji. Katika mfumo wa maji ya bure, ankara hiyo ililipwa na hazina, na hazina ya miaka ya 1980 ilikuwa tupu. Bomba likazeeka likiwa na watumiaji wengi na mlezi mmoja wa mbali. Mwaka 1991, ule wa mita 400, haukuleta maji kwa wote. Ulileta Sera ya Maji ambayo ilianza kuwaambia wanavijiji kwamba nao watachangia.

Ukisoma historia hii haraka utasema dawa ni moja: rudisha madaraka kwenye halmashauri, mambo yatanyooka. Si rahisi hivyo. Halmashauri zilizorudi zilikuwa na wahandisi wachache, magreda mabovu na madiwani ambao kila mmoja alitaka barabara ya kata yake ichongwe. Fedha kidogo ikigawanywa kata zote, kila kata hupata kipande cha barabara kisichomaliza masika mawili.

Kwa hoja hizo, serikali ikaamua tena kuhamisha kazi. Julai 2017 ikazaliwa TARURA, na barabara za vijijini na mijini zikatoka mikononi mwa halmashauri. Mwaka 2019 ikaja RUWASA, na maji ya vijijini nayo yakahama. Kuna faida zinazoonekana. TARURA ina wahandisi wake na, tangu mwaka wa fedha 2021/22, shilingi 100 zilizoongezwa kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo. Zamani mhandisi wa wilaya hakuwahi kuwa na uhakika wa fedha wa namna hiyo.

Lakini kuna kilichopotea. Diwani wa Misima anachaguliwa na watu wanaokanyaga matope ya Misima. Anaingia kwenye Baraza la Madiwani la Halmashauri ya Wilaya ya Handeni na anauliza: kalavati limekatika, litatengenezwa lini? Anayejibu ni meneja ambaye mwajiri wake si baraza hilo. Atatoa taarifa kwa heshima, atafunga faili, atarudi kwenye taasisi inayompa bajeti. Diwani atarudi kwa wapiga kura na jibu lisilo lake, na kura atakayonyimwa itakuwa yake.

Sasa zamu ya ujenzi imefika tena. Juni 2022, Chamwino, ilisainiwa mikataba ya mradi wa maji wa miji 28, kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India. Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimo. Mabomba mapya yanafuata wazo lilelile la miaka ya 1970: kuyatoa maji mtoni na kuyapeleka yasikofika.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tumejenga kuta nyingi kwa mikopo. Swali la kumuuliza mgeni rasmi, akishakata utepe na makofi kutulia, ni hili: bomba hili likipasuka saa nane usiku, fundi gani ataamshwa, ufunguo wa stoo ya vipuri anao nani, na nani ana mamlaka ya kumfukuza kazi asipokuja? Mwaka 1972 maswali hayo hayakuulizwa, na kipindupindu ndicho kilichokuja kuyauliza. Mkopo huu utalipwa na watoto wanaosoma shule za msingi za Handeni hivi sasa. Wana haki ya kulikuta bomba likitoa maji.