Kufua na Kusubu: Historia Fupi ya Kikaango cha Chuma kati ya Chilinde na Dzaleka

Utangulizi

Tunapofundisha msamiati wa jikoni huwa tunaanza na sufuria, mwiko, kisu na jiko, kisha tunaharakisha kwenda kwenye ngeli. Ni nadra kuwauliza wanafunzi vyombo hivyo vilitoka wapi, na majina yake yalitoka wapi. Makala haya yanafuatilia chombo kimoja tu: kikaango cha chuma cha kusubu, kile kizito, cheusi, ambacho kikianguka sakafuni huweza kupasuka badala ya kubonyea.

Nilianza kukitafakari Chilinde, mtaa wa Lilongwe ulio karibu na mji wa zamani, nyumbani kwa mama mmoja mzaliwa wa Uvira, mashariki mwa Kongo. Alikuwa amekaanga samaki. Baada ya kula nilitaka kusaidia kuosha vyombo, nikachota maji baridi ili nikimwagie kikaango ambacho bado kilikuwa moto. Mama alinishika mkono. “Mwalimu, utakipasua! Na ukikiacha na maji, kesho ni kutu tupu.” Akakiosha mwenyewe kilipopoa kidogo, akakirudisha motoni hadi kikakauka, kisha akakipaka mafuta kwa kitambaa, kidogo sana, ndani na nje. Alifundishwa hivyo na mama yake.

Jiko alilotumia aliliita mbabula, jirani yake Mchewa aliliita mbaula, nami nikaliita jiko la makaa. Hata kabla ya kufika kwenye kikaango, historia ya wasafiri na wafanyakazi wa migodi ilikuwa imekwisha kuingia katika maneno ya uani pale.

Chuma cha kufua

Malawi ni nchi ya wahunzi wa kale. Wachewa wa Kasungu na Waphoka wa milima ya Nyika waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri refu la udongo liitwalo ng'anjo. Tanuri hilo halikuhitaji mivukuto, kwani urefu wake ulivuta hewa wenyewe kupitia mirija iliyopangwa chini. Waphoka walikuwa pia na tanuri dogo la kusafishia kile kilichotoka katika ng'anjo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu Nikolaas van der Merwe na Donald Avery waliwaomba wazee waliokumbuka kazi hiyo waifanye tena, wakaandika hatua zake pamoja na dawa na miiko iliyoambatana nayo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba ng'anjo haikutoa chuma cha majimaji. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, joto ambalo tanuri la makaa la aina ile halikulifikia. Kilichotoka ni bonge lenye matundu, lililochanganyika na taka za mawe, na mhunzi alilipiga nyundo hadi likawa jembe, shoka au mkuki. Kazi hii ndiyo kufua, na Wachewa huiita kusula. Kwa kufua hupati chungu kwa urahisi. Kwa hiyo chungu kiliendelea kuwa cha udongo, na kwa sehemu kubwa kikawa kazi ya mikono ya wanawake.

Chuma cha kusubu

Kusubu ni kumimina madini yaliyoyeyuka ndani ya kalibu ili yagande kwa umbo lake. Hebu tuangalie maneno yenyewe. “Fua” ni neno la Kibantu. “Subu” na “kalibu” yana asili ya Kiarabu. Mtu anaweza kuhitimisha haraka kwamba Waafrika wa sehemu hizi hawakujua kusubu hadi walipofundishwa. La hasha! Makaburi ya kale ya Sanga, katika bonde la Upemba huko Katanga, yametoa misalaba ya shaba iliyomiminwa katika kalibu karne nyingi kabla ya Mzungu kufika. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, joto ambalo tanuri za kwao zililifikia. Asili ya neno ni ushahidi, lakini si ushahidi wa kutosha peke yake.

Ili chuma kimiminike kwa joto dogo lazima kinywe kaboni nyingi, asilimia 2 hadi 4, na hapo huyeyuka karibu na nyuzi 1,150. Wachina walikuwa na ufundi huo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Uingereza, Abraham Darby alipata hataza mwaka 1707 ya kusubu vyungu vya chuma katika kalibu za mchanga, na vyombo hivyo vikaanza kuwa vya bei nafuu. Vikaja kusini mwa Afrika kwa meli, na baadaye vikasubiwa huko huko. Chungu cheusi cha miguu mitatu ni maarufu hadi leo Afrika Kusini na Zimbabwe. Wanaume wa Nyasaland, yaani Malawi ya sasa, waliokwenda kwa maelfu kufanya kazi katika migodi ya kusini, walikutana na bidhaa za ulimwengu huo. Kichewa kikapata neno “poto” kutoka Kiingereza, kando ya “mphika” wake wa asili.

Kaboni hiyo hiyo ndiyo inayokifanya chuma cha kusubu kiwe kigumu lakini chepesi kuvunjika. Mama wa Chilinde hakutaja kaboni, lakini onyo lake kuhusu maji baridi ni sahihi kabisa.

Sufuria nyepesi na damu

Katika karne ya 20 alumini ilikuja na kushinda. Ni nyepesi, hupata moto upesi na haishiki kutu. Kiswahili hakikuunda jina jipya. Kiliipa jina la “sufuria”, neno linalotokana na jina la Kiarabu la shaba nyeupe au nyekundu. Leo tunasema “sufuria ya alumini” bila kuona mgongano wowote.

Lakini kuna kilichopotea. Chakula kinachopikwa katika chuma huchukua madini kidogo ya chuma, na mwili huyahitaji kutengeneza damu. Mwaka 1999 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Ethiopia ulioonyesha kuwa damu ya watoto waliopikiwa katika vyungu vya chuma kwa mwaka mmoja iliongezeka kuliko ya wale wa alumini. Mwaka 2003 yakatoka matokeo ya Malawi vijijini. Watu wazima waliokula kwa uthabiti kutoka vyungu vya chuma waliongezeka damu baada ya wiki 6. Kwa watoto wingi wa damu haukubadilika sana, ingawa upungufu wa madini ya chuma ulipungua. Hata hivyo, familia nyingi zililalamika: chombo ni kizito na kinashika kutu. Matumizi yakapungua.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jaribio jingine lilifanyika kwa wakimbizi wa Kikongo katika kambi ya Lugufu, mkoani Kigoma. Sufuria za chuma kisichoshika kutu hazikuonyesha manufaa yaliyotarajiwa. Si ajabu sana, kwa sababu chuma kisichoshika kutu hutoa madini kidogo mno. Tabia ile ile inayowaudhi wapishi ndiyo inayoleta faida. Kwa hiyo haitoshi kugawa chombo. Lazima kiende pamoja na elimu ya kukitunza. (Tusitie chumvi: upungufu wa damu unaotokana na malaria au minyoo hauponywi na kikaango, na mgonjwa aende hospitali.)

Namna ya kukitunza

Kikaango kipya, au kilichoshika kutu, husuguliwa kwa mchanga au waya wa chuma, huoshwa na kukaushwa motoni. Kisha hupakwa mafuta ya kupikia, utando mwembamba tu, na kuchomwa hadi moshi upungue. Mafuta hayo hugeuka ganda gumu jeusi linaloshikamana na chuma na kuzuia kutu. Rudia mara tatu au nne. Mafuta yakizidi hubaki yananata. Sabuni laini ya siku hizi haina madhara makubwa. Iliyoogopwa zamani ni sabuni kali iliyokula ganda hilo.

Nyanya na ndimu hulidhoofisha ganda, lakini ndizo zinazotoa madini mengi zaidi kutoka kwenye chuma. Kwa hiyo usiziache humo zikalala. Zipike, pakua, osha, kausha, paka mafuta.

Hitimisho

Mwezi Machi 2023 serikali ya Malawi iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, wilaya ya Dowa, kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa na gereza la wafungwa wa kisiasa, na sasa ina zaidi ya watu 50,000. Mama wa Chilinde alikuwa miongoni mwa waliohama. Mengi aliyauza kwa bei ya hasara. Kikaango hakukiuza, ijapokuwa ndicho kilichokuwa kizito kuliko vyote. Nilipomtembelea Dzaleka binti yake ndiye aliyekuwa akikipaka mafuta, na mama alikuwa akimsahihisha kwa Kiswahili cha Uvira: kidogo, kidogo, usijaze.

Walimu wenzangu, ndiyo sababu napendekeza zoezi hili. Kila mwanafunzi amwendee mpishi mmoja mzee wa mtaani kwake, amwombe aeleze namna ya kutunza chombo kimoja cha jikoni, na aandike vitenzi vyote kama vilivyosemwa, bila kuvisanifisha. Turudi navyo darasani tuvilinganishe. Vingi havimo katika kamusi zetu, na wenye kuvijua wanazidi kupungua.